Boti ya zamani: jukwaa la omo na winchi ya nanga, sitaha itahimili?

#1 MkukuMrefu
Wakuu, salaam. Nina boti ya injini ya faibaglasi, urefu mita 8.5, umri unakaribia miaka 40. Ilitoka kiwandani bila winchi. Nanga ni ya kilo 10, mnyororo wa milimita 8 urefu mita 30, kisha kamba ya nailoni mita 40. Kila tukitaka kuhama ni kuvuta kwa mkono huku umeinama kwenye omo (sehemu ya mbele ya boti) lenye mteremko, na mnyororo unakwaruza ubavu hadi jelikoti, yaani utando mgumu wa nje wa faibaglasi, imetoka.

Nataka kuweka jukwaa la omo, yaani ule ubao unaotokeza mbele ukiwa na rola ya nanga, pamoja na winchi ya umeme ya volti 12. Je, niweke vyote viwili au kimoja kinatosha? Na sitaha ya umri huu itabeba? Nauliza kwa sababu kuzunguka kifungio cha kamba cha mbele kuna nyufa nyembamba za utando wa buibui.

#2 Fundi_Sitaha
Mkuu, weka winchi pembeni kwanza, tushughulike na hizo nyufa. Boti nyingi za miaka hiyo sitaha yake ina matabaka: faibaglasi juu, faibaglasi chini, katikati kiini cha balsa (mbao nyepesi sana) au plaiwudi. Silanti, ile gundi ya kuzuia maji ya kwenye bolti, ikizeeka, maji yanapenya taratibu na kiini kinaoza bila kuonekana. Ukikanyaga unaona pagumu tu, kwa sababu tabaka la juu bado linabeba uzito wako. Mzigo wa nanga hautakuwa na huruma hiyo.

Chukua mpini wa bisibisi ugonge sitaha yote ya mbele, sentimita tano kwa tano. Palipo pazima patalia kwa sauti kavu, kali. Palipooza au palipoachana patatoa sauti butu. Kisha ingia chini, toboa tundu dogo kutokea ndani bila kufika tabaka la juu, uangalie kinachotoka kwenye keekee (kitobozi). Vumbi kavu ni habari njema. Ukitoka uji mweusi, kazi yako imeshabadilika.

#3 MajiMafu
Namheshimu fundi ila nyufa hizo zisimtishe mtu kabla ya muda. Jelikoti iliyopakwa nene kupita kiasi hupasuka yenyewe kwenye kona na mikunjo, na chini yake kila kitu kizima. Nimeona boti zenye nyufa za aina hiyo sitaha nzima, kiini kikavu kabisa. Swali la maana ni zinaelekea wapi. Zikitawanyika kutoka kwenye tundu la bolti, mara nyingi aliyefunga hakuchonga mdomo wa tundu, akakaza bolti ikaisukuma jelikoti. Zikienda sambamba na kona, hapo sitaha inapinda.

#4 ChumaChaPua
Kuna sababu ya tatu hamjaitaja. Kifungio hicho hakina bamba chini yake. Boti za zamani nyingi zimefungwa kwa washa ndogo tu (vile vipete bapa vya bolti) chini ya sitaha. Mwenye boti wa awali akivutwa na boti nyingine siku moja, au akilala kwenye nanga upepo mkali, kifungio kinachezacheza na nyufa zinaanza. Hapo si kuoza wala si jelikoti nene, ni mzigo mkubwa kukutana na eneo dogo.

#5 MkukuMrefu
Shukrani. Nimegonga leo. Nyufa zinatawanyika kutoka kwenye bolti mbili za mbele, za nyuma hazina kitu. Sauti butu iko kwenye eneo la upana wa viganja viwili, mbele ya kifungio, kwingine kunalia vizuri. Na ni kweli alichosema #4, chini kuna washa tupu.

#6 Fundi_Sitaha
Butu mbele tu, na nyufa mbele tu. Mimi bado nasema maji.

#7 ChumaChaPua
Na mimi nasema mzigo. Bolti za mbele za kifungio ndizo zinazofinywa au kunyanyuliwa pale kamba inapovuta kuelekea chini mbele ya omo. Maji yameingia baadaye, yakafuata njia iliyokwisha kufunguliwa.

#8 MajiMafu
Hata kuachana kwa tabaka na kiini, bila tone la maji, kunatoa sauti butu. Mpaka atoboe kutokea ndani, sote tunabashiri.

#9 AmariNzito
Naomba nimrudishe mkuu kwenye jukwaa, maana mnaongea sana juu ya winchi na sitaha, ilhali jukwaa ndilo linaloweza kung'oa kila kitu.

Jukwaa ni wenzo, na ncha ya omo ndiyo egemeo. Chukulia limetokeza sentimita 50 mbele, na bolti zake za nyuma ziko sentimita 25 tu kutoka kwenye ncha. Wimbi likinyanyua omo huku mnyororo umekaza wima, chukua mvuto wa kilo 500 kwenye rola. Bolti za nyuma zinanyanyuliwa kwa kilo 1,000. Sasa refusha mkia wa jukwaa ndani ya sitaha hadi sentimita 75: nguvu ileile inakuwa kilo 333. Boti ni ileile na mvuto ni uleule. Kilichobadilika ni urefu wa mkia.

Kwa hiyo usinunue jukwaa zuri lenye mkia mfupi. Litokeze kidogo iwezekanavyo, kiasi cha nanga kuning'inia bila kugusa ubavu, na mkia uende nyuma hadi chini ya winchi kama nafasi ipo, ili bolti za winchi na za jukwaa zishike bamba moja.

#10 BintiOmo
Kwa nini lazima jukwaa? Mimi boti yangu ina rola fupi ya chuma cha pua iliyofungwa kwenye ncha ya omo, inatokeza kidogo tu. Nanga ya umbo la jembe inakaa vizuri, na ubavu nimeukinga kwa bamba jembamba la chuma cha pua pale nanga inapopita. Haina wenzo wa kutisha. Tena bandari nyingi za boti zinatoza kwa urefu mzima wa chombo, na jukwaa linahesabiwa humo. Kila ukiingia gatini, ncha yako inatangulia kugonga.

#11 AmariNzito
Dada, hoja yako ina nguvu kwa omo lililosimama wima. Omo la mkuu lina mteremko mrefu, ndiyo maana mnyororo unalamba ubavu. Rola fupi itapunguza tatizo bila kuliondoa.

#12 BintiOmo
Omo lenye mteremko ndilo linaloacha nafasi chini ya ncha, mzee. Linalokwaruzwa zaidi ni lile lililosimama wima. Mkuu atupimie: ashushe uzi wenye jiwe kutoka kwenye ncha, aone uko umbali gani na ubavu usawa wa maji.

#13 Umeme12V
Nimesubiri mtu ataje umeme, naona mmeng'ang'ana na mbao. Winchi ya wati 1,000 kwa volti 12 inakula takriban ampea 83 ikiwa na mzigo wa kawaida, na ikikwama inakula zaidi sana. Betri ya mkuu bila shaka iko nyuma karibu na injini. Waya utapita pembeni, si mstari ulionyooka, kwa hiyo tuseme mita 8 kwenda na mita 8 kurudi. Jumla 16. Watu wengi wanasahau ile ya kurudi.

Kwa ampea 80, waya wa shaba wa milimita mraba 16 unapoteza volti 1.4 njiani. Winchi inapata 10.6, inavuta kivivu na mota inapata moto. Ukiweka wa milimita mraba 35 upotevu ni volti 0.64, chini kidogo ya asilimia 5.5. Viwango vya ABYC, baraza la viwango vya boti la Marekani, vinaruhusu upotevu wa asilimia 10 kwenye vifaa vya kawaida, lakini mimi nisingekaribia huko. Nunua waya uliopakwa bati kwenye nyuzi zake, maana shaba tupu ikikutana na chumvi inageuka kijani hadi ndani.

Sakiti breka, yaani swichi inayojikata umeme ukizidi, ikae karibu na betri, si karibu na winchi. Kazi yake ya kwanza ni kulinda ule waya mrefu usiwashe moto.

#14 Kipepeo_Bahari
Mkuu #13, si rahisi zaidi kuweka betri ndogo hukohuko mbele? Waya unakuwa mfupi, upotevu unakwisha.

#15 Umeme12V
Utahitaji waya wa kuichaji kutoka nyuma, utahitaji fyuzi kwenye ncha zote mbili za waya huo kwa sababu kila upande una betri, na utakuwa umeongeza uzito palepale omo lisipoutaka. Betri ya asidi na risasi ikichajiwa hutoa haidrojeni, na stoo ya mnyororo haina hewa. Inawezekana, nimeiona ikifanya kazi vizuri kwenye boti ndefu. Kwa mita 8.5 sioni faida.

#16 Kipepeo_Bahari
Kwenye yangu ya mita 9 betri iko chini ya kitanda cha mbele, aina iliyofungwa isiyomwagika, na winchi inavuta kwa nguvu bila kusita. Waya wa kuchaji ni mwembamba kwa sababu umeme unaingia polepole. Kwangu hesabu ilikubali.

#17 Nahodha_Msaidizi
Uzi mzuri. Naomba nidandie. Boti niliyomo ina winchi ya zamani, inashuka vizuri, inapandisha vizuri, lakini mnyororo ukishasimama wima na nanga bado imeshika chini, sakiti breka inakatika. Ukingoja kidogo unairudisha, inavuta kidogo, inakatika tena. Waya ni mnene, betri ni mpya. Tatizo nini?

#18 Umeme12V
Kuna kiungio kilicholiwa na kutu. Waya mnene wenye kichwa kilichooza hauna tofauti na waya mwembamba. Pima volti kwenye mota yenyewe winchi ikiwa inavuta, si ikiwa imetulia. Ikitulia utasoma 12.6 na kudhani mambo ni sawa.

#19 ChumaChaPua
Au mnyororo haulingani na gurudumu lake, lile lenye meno kwenye winchi. Mnyororo wa milimita 10 upo wa aina mbili: wa kiwango cha Kijerumani cha DIN 766 pete moja ina urefu wa ndani wa milimita 28, wa kiwango cha kimataifa cha ISO ni 30. Kwa macho unafanana. Ukiuweka kwenye gurudumu lisilo lake, unapita mzigo ukiwa mdogo, mzigo ukizidi pete zinapanda juu ya meno, zinaruka au zinakwama. Kwa milimita 8 hamna shida hiyo, zote mbili ni 24. Wako ni upi?

#20 AmariNzito
Mimi naona breka inafanya kazi yake sawasawa. Winchi haikuundwa kung'oa nanga wala kuvuta boti. Ukifika wima, funga mnyororo kwenye kifungio au kizuizi cha mnyororo, sukuma boti mbele taratibu kwa injini, nanga itang'oka yenyewe. Kisha winchi inanyanyua uzito tu.

Tazameni hesabu ya upepo pia. Boti yenye eneo la mbele mita mraba 6, upepo wa mita 15 kwa sekunde, karibu noti 30 (maili za baharini kwa saa), inasukumwa kwa takriban kilo 80. Upepo ukiwa mara mbili, nguvu ni mara nne. Ongeza mawimbi. Mtu anayeivuta boti kwa winchi kuelekea kwenye nanga anaiomba mota ishindane na haya yote.

#21 Nahodha_Msaidizi
Mnyororo ni wa milimita 10, kiwango chake hakijaandikwa popote. Nahodha wangu hupenda kung'oa kwa winchi, anasema injini inachafua utulivu wa asubuhi. Nitapima volti na pete, nitamwonyesha na #20.

#22 MajiMafu
Usisahau la nne: muhuri wa shafti ukichakaa maji hushuka kwenye mota. Mota iliyolowa inazunguka, ila inakula ampea nyingi kuliko kawaida. Fungua mfuniko uone kama kuna kutu nyekundu.

#23 MkukuMrefu
Nimesoma yote. Nimepima uzi wenye jiwe kama dada alivyosema: kutoka kwenye ncha ya omo hadi ubavu usawa wa maji ni sentimita 60. Ajabu, jelikoti imetoka juu zaidi, karibu na sitaha.

#24 BintiOmo
Basi kinachokwaruza si mnyororo ukiwa umetia nanga. Ni nanga yenyewe inapopandishwa, ikizunguka na kugonga kabla hujaishika. Rola inayotokeza sentimita 20 au 25 itakutosha, kaka.

#25 AmariNzito
Au ni mnyororo boti inapogeuka na upepo, ukavuta kwa pembeni ukizunguka ncha. Hilo rola fupi halitalizuia. Bado napendelea jukwaa la wastani lenye mkia mrefu.

#26 Kipepeo_Bahari
Kabla hajakata ubao, aseme anatumia nanga gani. Nanga nyingine hazikai kwenye rola. Ile bapa ya Danforth yenye makucha mawili mapana inashika vizuri sana mchangani na kwenye matope, lakini kwenye rola inayumbayumba na haishuki yenyewe vizuri. CQR aliyoibuni mwanafizikia Mwingereza G. I. Taylor mwaka 1933 inakaa, ila ile bawaba yake inachezacheza. Hizi za kisasa zenye tao juu, mfano Rocna ya Peter Smith wa New Zealand, zinashika haraka mno, lakini tao linahitaji nafasi. Majukwaa mengi ya zamani yana mwanya mwembamba katikati na tao halipiti. Reli ya omo nayo inaweza kuzuia.

#27 MkukuMrefu
Ni ya umbo la jembe, kipande kimoja, haina bawaba wala tao.

#28 Kipepeo_Bahari
Hiyo itashuka yenyewe kwa uzito wake. Tengeneza mfano wa kadibodi au plaiwudi nyembamba kwanza, uipandishe nanga kwa mkono juu yake.

#29 Fundi_Sitaha
Narudi kwenye ukarabati, maana mkuu bado hajatuambia keekee ilitoa nini. Hata kiini kikiwa kizima, usipitishe bolti moja kwa moja kwenye balsa. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, kwangua kiini pembezoni, jaza epoksi iliyokolezwa, ikikauka toboa tundu la saizi ya bolti katikati ya epoksi. Hapo hata silanti ikishindwa, maji hayana pa kwenda, na bolti ikikazwa haiufinyi ubao laini. Chini weka bamba kubwa kuliko kitako cha winchi, plaiwudi ya baharini iliyofunikwa epoksi au aluminiamu nene. Kama mwili wa winchi ni aluminiamu na bolti ni chuma cha pua, paka ute wa kutenganisha metali, la sivyo baada ya miaka michache bolti hazitoki.

Sehemu iliyooza ikatwe kutokea chini ukiweza, tabaka la juu lenye mistari ya kuzuia utelezi libaki lilivyo.

#30 MkukuMrefu
Keekee imetoa unyevu, si uji. Rangi ya kahawia, ukiikamua kwa vidole inalowesha.

#31 Fundi_Sitaha
Maji, nilisema.

#32 ChumaChaPua
Maji yapo, hakuna anayekataa. Nani aliyeyafungulia mlango ndiyo hoja yangu.

#33 MajiMafu
Kahawia bila uji, inawezekana kinakauka. Toboa matundu machache zaidi kutokea chini, acha hewa ipite wiki kadhaa, kisha gonga tena. Sikubali kukata sitaha kwa unyevu wa viganja viwili.

#34 Fundi_Sitaha
Kiini kilicholowa kati ya faibaglasi mbili hakikauki kwa kuachiwa matundu. Na hata kikikauka, kimeshaachana na tabaka la juu. Panapobeba winchi hapakaushwi, panabadilishwa.

#35 MkukuMrefu
Swali jingine nikiendelea kutafakari hilo. Winchi ya kusimama, mota ikiwa chini ya sitaha, au ya kulala, kila kitu juu?

#36 AmariNzito
Ya kusimama inashika mnyororo nusu duara, nyuzi 180, kwa hiyo haurukiruki. Ya kulala inashika robo tu. Ningechukua ya kusimama.

#37 BintiOmo
Boti ndogo haina kina cha kupoteza, na mota ya winchi ya kusimama inakula nafasi ya mnyororo. Mkuu, mwaga mnyororo wote kwenye stoo yake, pima kutoka kilele cha rundo hadi chini ya sitaha. Unahitaji angalau sentimita 30 za kuanguka. Chini ya hapo rundo linafika kwenye tundu na winchi inakwama ukiwa unahitaji kuondoka haraka. Kamba ndiyo mbaya zaidi, haina uzito wa kujivuta chini.

Na ncha ya mwisho ya amari, yaani mnyororo na kamba ya nanga, uifunge ndani kwa kamba, si kwa pingu ya chuma. Kamba hiyo iwe ndefu ya kufika juu ya sitaha, ili siku ukilazimika kuiacha nanga uikate kwa kisu.

#38 Nahodha_Msaidizi
Hilo la kisu nakubaliana nalo kabisa. Pia ukiwa safarini nanga ifungwe kwa kamba yake fupi au pini. Klachi ikiteleza kwenye mawimbi, nanga inashuka boti ikiwa kwenye kasi.

#39 Kipepeo_Bahari
Na uwezo wa winchi uhesabiwe. Kanuni inayotumika sana ni uwezo wa kuvuta mara tatu ya uzito wa zana zote. Mnyororo wake ni karibu kilo 1.4 kwa mita, mita 30 ni kilo 42, nanga 10, kamba kama 5. Jumla 57, mara tatu ni 171.

#40 MajiMafu
Akitia nanga kwenye kina cha mita 8 kinachoning'inia ni kilo 11 za mnyororo na nanga, tena ndani ya maji chuma hupungukiwa karibu sehemu moja ya nane. Mara tatu ya zana zote ni kubwa mno.

#41 AmariNzito
Mpaka siku nanga itakapokuja na rundo la matope na mwamba juu yake.

#42 MkukuMrefu
Nimemwaga mnyororo. Kutoka kilele cha rundo hadi sitaha ni sentimita 34, kabla ya mota yoyote.

#43 BintiOmo
Basi ya kulala.

#44 AmariNzito
Kuna za kusimama zenye mota fupi. Apime kwanza.

#45 Chelezo_Jipya
Samahani wakuu, mimi mgeni humu. Boti yangu ni ya aluminiamu, haya ya kiini hayanihusu. Winchi ina lolote la kuangalia?

#46 Umeme12V
Karibu. Usitumie mwili wa boti kuwa njia ya kurudisha umeme hata kidogo, vuta waya wa kurudi hadi kwenye betri. Chagua mota ambayo nguzo zake zote mbili zimetengwa na ganda. Weka plastiki au mpira kati ya winchi na sitaha, na bolti zipite ndani ya vimirija vya plastiki.

#47 ChumaChaPua
Na stoo ya mnyororo uitandike mpira mnene. Mnyororo uliopakwa zinki ukilala juu ya aluminiamu tupu kwenye maji ya chumvi, zinki inaliwa kwanza, ikiisha ni zamu ya sakafu yako. Stoo yako ina tundu la kutoa maji?